Kilomita Elfu Tisa na Mia Nne

Ofisini walimwita Kilomita, na jina hilo halikuwa la sifa. Lilipachikwa na mkata tiketi mwenzake, aliyekwisha kuacha kazi zamani, siku mteja alipouliza mji fulani uko mbali kiasi gani na yeye akajibu papo hapo, bila kuinua macho kwenye karatasi alizokuwa akizibana pini, kwamba ni kilomita elfu sita mia mbili na kumi. "Huyu si mtu, ni kilomita tupu," mwenzake alisema, watu wakacheka, na jina likaganda. Miaka ishirini na miwili ilikuwa imepita tangu siku hiyo. Meneja alilitumia. Mlinzi wa getini alilitumia. Ndugu zake nao walilitumia walipotaka kumchokoza.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani, vyumba viwili vyenye madirisha yanayotazama kituo cha mafuta. Kulikuwa na meza tatu na feni moja iliyovunjika shingo, na kwa bahati ambayo Kilomita hakuiamini kuwa bahati, ilivunjikia upande wa meza ya meneja. Yeye alikaa dirishani, jua likimwosha uso tangu asubuhi mpaka mchana, akiwauzia watu tiketi za kwenda mahali ambapo yeye hajawahi kukanyaga.

Maana Kilomita hakuwahi kupanda ndege hata siku moja. Kila mwaka shirika moja la ndege liliipa ofisi tiketi ya bure kama asante. Mwaka wa kwanza meneja alikwenda mwenyewe, kukagua huduma. Mwaka wa pili alikwenda mke wa meneja, kukagua kama mumewe alikagua vizuri. Baada ya hapo Kilomita aliacha kuuliza. Lakini hakuacha kuhesabu. Kila mteja aliyerudi safari na kupita ofisini kusalimu au kulalamika, alimkalisha na kumuuliza maswali mawili: ulitoka mlangoni kwako saa ngapi, na ulibisha hodi kule saa ngapi? Majibu aliyaandika kwenye madaftari ya shule yenye jalada la bluu, na kwa hesabu ya mwisho yalikuwa kumi na saba. Yalikuwa na kila kitu ambacho tiketi haisemi: foleni ya pasi za kusafiria, basi la kutoka kwenye ndege hadi jengoni, sanduku lililozunguka mpaka mwenye nalo akakata tamaa, usingizi wa kwenye kiti cha chuma. Mtu akimuuliza safari ni ya muda gani, alimwandikia namba tatu nyuma ya bahasha ya tiketi. Ya kwanza ya kuruka, ya pili ya kungoja, na ya tatu, aliyoipigia mstari mara mbili, ya kutoka mlango hadi mlango.

"Hii ya tatu ndiyo safari," aliwaambia. "Hizo mbili za kwanza ni porojo."

Meneja hakuipenda ile ya tatu. Inatisha wateja, alisema. Miezi mitatu kabla ya haya yote kutokea, alirudi kutoka semina akiwa na kadi ya jina shingoni, ambayo aliivaa wiki nzima, na wazo moja: ofisi iwe na ukurasa wake kwenye mtandao, na kwenye ukurasa huo ziwekwe jozi za miji, umbali na muda wa kuruka.

"Kilomita, hii ni kazi yako kabisa," alisema. "Umbali wa moja kwa moja, gawanya kwa mia nane na hamsini kwa saa. Basi."

"Gawanya kwa nini, wakati hakuna ndege inayokwenda moja kwa moja?"

"Mteja anataka kujua dunia ni ndogo."

"Dunia si ndogo, bosi. Mimi ndiye ninayewasikiliza wakirudi."

"Weka namba, mama. Tutaongeza maelezo baadaye."

Akaweka namba. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko mengine yote, kwamba aliziweka kwa mkono wake, jozi arobaini na mbili, kwa usahihi ule ule wa miaka yote. Ya kumi na tisa ilikuwa mji wao na mji alikoishi mdogo wake wa mwisho, mwaka wa tisa sasa bila kurudi, ng'ambo kabisa, kwenye baridi: kilomita elfu tisa na mia nne, muda wa saa kumi na moja. Zamani ilikuwepo ndege ya kwenda huko moja kwa moja. Ilifutwa miaka minne iliyopita, na tangu hapo hapakuwa na njia ila kubadilisha ndege mara mbili. Kilomita alilijua hilo kama anavyojua ngazi za nyumbani kwake gizani. Alisubiri maelezo ya baadaye. Hayakuja. Akasema tena mara moja kikaoni, meneja akatazama saa, naye akanyamaza.

Kisha mama yao akapatikana na uvimbe kwenye figo.

Hospitali ya mji wao haikuwa na mpasuaji wa kazi hiyo. Daktari bingwa alikuja kutoka mji mwingine mara moja kila miezi mitatu, siku mbili, Jumatano na Alhamisi, akapasua watu wengi kadiri mikono yake ilivyoweza, na jioni ya Alhamisi saa kumi na mbili akapanda ndege kurudi kwao. Mama alipangiwa Alhamisi, wa kwanza, saa mbili asubuhi. Kungoja awamu nyingine, daktari alisema kwa simu, ni kuuacha uvimbe ufanye unavyotaka.

Mama alikubali kila kitu ila jambo moja. "Siingii humo kabla sijamwona kitinda mimba wangu," alisema. Baba yao aliingia chumba cha upasuaji akisema tutaonana mchana, na mchana ule haukufika. Kwa hiyo watoto wote watatu wawepo, awaone kwa macho yake, ndipo atie sahihi. Na mama alikuwa mwanamke aliyepiga cherehani miaka thelathini na kulea watoto watatu kwa mshono; akisema jambo, limeshonwa.

Jumapili mchana Kilomita alimpigia Kitinda.

"Ondoka leo," alimwambia. "Ukishindwa leo, kesho. Isipite kesho."

"Dada, mbona unanikimbiza? Operesheni si Alhamisi?"

"Alhamisi saa mbili asubuhi. Kutoka huko mpaka hapa ni zaidi ya siku nzima na nusu."

Kitinda alicheka. Alikuwa na cheko la mtu aliyeishi kwenye nyumba zenye kipasha joto, la polepole, lisilo na haraka ya kwenda popote. "Siku na nusu ya wapi? Mimi nimepanda ndege hiyo, dada. Unalala, unaamka, umefika. Na nimeangalia hata ukurasa wenu hapa: masaa kumi na moja. Si ofisi yako hiyo?"

"Ukurasa unasema uongo."

"Ha! Ofisi yako mwenyewe?"

"Ndege uliyopanda wewe imefutwa. Haipo. Nisikilize…"

"Dada Kilomita, nina mkutano Jumanne ambao nikikosa nimekwisha. Naondoka Jumatano asubuhi ya huku, nafika Alhamisi alfajiri ya huko. Tofauti ya saa nimeshapiga, usiwe na wasiwasi." Halafu akaongeza, kwa upole ule unaoudhi kuliko tusi: "Na wewe, usikasirike, lakini hata ndege hujawahi kupanda."

Kilomita alikata simu. Akampigia kaka yao mkubwa, muuza vipuri vya magari, amseme mdogo wao kwa sauti ya kiume kwa kuwa ndiyo iliyosikika katika familia yao. Kaka mkubwa alisikiliza huku akibishana na mteja kuhusu pampu ya maji. "Mwache dogo," alisema mwishowe. "Amezunguka dunia yule. Anajua anachofanya."

Jumatano asubuhi, alipofika ofisini, ujumbe wa Kitinda ulikuwa unamngoja kwenye simu. Ameshakata tiketi, na ameituma kwa picha. Chini ameandika, *Kumbe siku hizi kuna kubadilisha ndege, lakini tupo pamoja.*

Kilomita aliisoma tiketi ile kama hakimu anavyosoma faili la mtu anayemfahamu. Ndege ya kwanza, saa nane hewani, tena ikielekea upande ambao si wa nyumbani. Kungoja saa tisa. Ndege ya pili, saa saba. Kungoja saa kumi. Ndege ya tatu, saa nne. Hakuhitaji karatasi. Jumla yake ilikuwa saa thelathini na nane, na zaidi ya kilomita elfu kumi na tano za kuzungukazunguka. Kitinda angetua Ijumaa saa moja asubuhi. Daktari angekuwa amekwisha kuondoka saa kumi na tatu nyuma.

Aliinuka akaenda kusimama mbele ya meza ya meneja, kwenye upepo wa feni.

"Futa namba za ukurasani."

"Habari za asubuhi na wewe pia."

"Mdogo wangu amepanga safari yake kwa namba ile. Mama yangu anapasuliwa kesho, na hatakubali kupasuliwa kabla hajamwona. Hatafika. Futa."

Meneja alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimkera zaidi Kilomita; mtu mbaya ungemjua pa kumpiga. "Pole sana kwa mama," alisema. "Lakini tuwe wa haki. Namba ile si ya uongo. Elfu tisa na mia nne gawanya kwa mia nane na hamsini ni ngapi? Na hesabu alifanya nani? Si wewe?"

"Mimi."

"Basi unanigombeza mimi kwa kipi?"

"Kwa kuwa nilikwambia! Nilikwambia mara mbili! Ukaniambia baadaye. Baadaye yako inaanza lini, bosi? Watu wakishazikwa?"

Mteja aliyekuwa akijaza fomu alisimamisha kalamu. Kilomita alirudi mezani kwake, akaufungua ukurasa kwa nywila ambayo meneja alikuwa amemkabidhi kwa sababu alikuwa mvivu wa kuikumbuka, akaishukia jozi ya kumi na tisa. Alifuta saa kumi na moja. Akaandika thelathini na nane. Halafu akapanda juu kabisa, akaanza na ya kwanza, daftari la bluu likiwa wazi mkononi, akabadilisha moja baada ya nyingine zote arobaini na mbili, akigonga vitufe kwa nguvu mpaka chombo cha pini kikawa kinarukaruka.

"Kilomita, utanieleza hilo Jumatatu," meneja alisema.

"Nitakueleza sasa hivi ukitaka. Sogeza kiti."

Hakusogeza.

Jioni, wodini, alimkuta kaka mkubwa ametangulia, amekaa ukingoni mwa kitanda, na mama anang'aa kama taa mpya. "Kitinda yuko njiani!" mama alisema. "Kaka yako ameniambia. Anatua alfajiri, anakuja moja kwa moja hapa."

Kilomita alimtazama kaka yake. Kaka yake akatazama dripu. Wakatoka varandani.

"Tiketi nilikutumia. Umeisoma?"

"Nimeisoma. Ulitaka nimwambie nini? Ajue hafiki, akatae kabisa?"

"Kesho asubuhi utamwambia nini?"

"Kesho ikifika tutasema ndege imechelewa. Ataingia tu. Wakishamletea kitanda cha magurudumu atakuwa ameshalegea kwa dawa."

"Mama? Mama alegee?"

"Usiharibu, Kilomita. Nakuomba."

Na hakuharibu. Alirudi ndani, akakaa, akammenyea mama chungwa, akamsikiliza akipanga Kitinda atalala chumba gani. Kila neno lilimwingia kama sindano ya cherehani kwenye kucha, na aliendelea kumenya.

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi wote wawili walikuwa pale tena. Mama alikuwa ameoga, amevishwa gauni la hospitali lenye kamba mgongoni, amesukwa nywele upya. Muuguzi alileta fomu ya kukubali upasuaji, akaiweka kwenye kimeza. "Saa mbili kasoro robo naichukua," alisema. "Isipokuwa na sahihi, daktari anampitisha anayefuata. Wapo wengi."

Mama hakumtazama hata muuguzi. Alimgeukia binti yake.

"Wewe ndiye wa ndege. Ameshatua?"

"Ndege imechelewa kidogo, mama," kaka mkubwa aliwahi. "Ukungu."

"Sikukuuliza wewe."

Kaka mkubwa alimkazia macho dada yake juu ya kichwa cha mama. Kilomita aliyaona macho hayo. Akakumbuka cheko la kwenye simu, na mwache dogo, na tuwe wa haki. Kila mtu alikuwa na namba yake nzuri ya kumpa mtu mwingine.

"Hajatua," alisema. "Hatatua leo. Anafika kesho saa moja asubuhi."

Kaka mkubwa aliguna kama aliyekanyagwa. Mama akamwonyesha mwanawe mlango kwa kidole kimoja. "Toka."

"Mama, nilikuwa…"

"Ukungu? Unaniletea mimi ukungu? Toka, ukautafute nje."

Akatoka. Mama alimgeukia Kilomita, na uso haukulainika.

"Yuko wapi saa hizi?"

"Kwenye uwanja wa ndege, mji ambao wewe na mimi hatuujui. Amekaa hapo saa sita, zimebaki tatu. Akipanda atakaa hewani saa saba. Atashuka tena, atangoja saa kumi. Ndipo apande ya mwisho."

"Kwa nini azunguke hivyo?"

"Hakuna njia nyingine sasa."

"Angetoka lini angeniwahi?"

"Jumapili, nilipompigia. Hata Jumatatu angewahi."

"Akakaa kwa sababu gani?"

"Aliona namba kwenye ukurasa wa ofisi yetu. Masaa kumi na moja. Namba niliiandika mimi, mama."

"Na kwamba hafiki, umejua tangu lini?"

"Jana asubuhi."

"Kwa hiyo jana jioni ulikaa hapo, ukanimenyea chungwa, ukaniacha nimtandikie mtu kitanda kwa mdomo."

"Nilikaa."

"Mimi nimezaa watu gani?" mama aliuliza dari. "Mmoja mwongo, mmoja mjuaji, mmoja bubu. Daktari anaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni."

"Na huyo anakuja kesho saa moja. Katikati pana ngapi?"

"Saa kumi na tatu."

"Kumi na tatu." Alilirudia neno hilo kama anayepima kitambaa na kukuta fundi wa dukani amempunja. "Nimemngoja miaka tisa, ananikosa kwa saa kumi na tatu. Kwa mkutano."

Huko varandani magurudumu ya kitanda yalikuwa yanasikika yakija. Muuguzi alichungulia. "Tumefikia wapi, mama?"

Mama alinyoosha mkono. "Kalamu."

"Mama," Kilomita alisema, "si lazima kwa ajili ya…"

"Nyamaza wewe, bubu wa jana. Unadhani nitakufa na hasira zote hizi kifuani? Nani atawagombeza?" Aliandika jina lake kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka kwenye herufi ya mwisho, akaisukuma fomu kwa muuguzi. "Nipelekeni. Na huyo wa ukungu asinishike mkono."

Alitoka chumba cha upasuaji saa sita mchana. Daktari, ambaye Kilomita alimwona kwa dakika moja tu, akiwa na alama za barakoa mashavuni, alisema uvimbe umetoka wote na figo moja imekwenda nao, na kwamba mama alipoanza kuzinduka alikuwa ameshaanza kumfokea mtu fulani. Kaka mkubwa alilia hadharani, akaenda kununua maji ambayo hakuna aliyeyataka.

Ijumaa saa tatu asubuhi Kitinda alitokea mwisho wa ukumbi wa wodi, akiburuta sanduku lenye gurudumu moja bovu, mto wa shingoni bado umemkaa kama kola. Miguu ilikuwa imemvimba, macho mekundu, shati limekunjamana. Alikuwa amenenepa. Kwa nukta moja Kilomita alimwona mtoto aliyekuwa akimbeba mgongoni, na kama angefika amenyamaza, huenda mambo yangekwenda vingine.

Alimkumbatia, akamwachia, akapangusa uso.

"Dada, we acha tu," alisema. "Ndege zimechelewa vibaya."

Kilomita hakupandisha sauti. Walikuwa mlangoni pa wodi, na wagonjwa walikuwa wamelala.

"Hakuna ndege iliyochelewa," alisema. "Nimezifuata zote tatu kwenye simu, moja moja, tangu ulipofunga mkanda. Ya kwanza ilitua kwa wakati. Ya pili ilitua kwa wakati. Ya mwisho ilitua dakika sita kabla."

"Nilitaka kusema…"

"Najua ulichotaka kusema. Mimi namba ya uongo niliiandika, na nimemwambia hivyo kwa mdomo wangu. Sasa zamu yako." Alimvua mto shingoni, akaupachika juu ya sanduku, akamsukumia mlango wa wodi. "Ingia, yuko macho. Akikuuliza ulikuwa wapi, usimtajie ndege. Mwambie ulikuwa mkutanoni."